Chambo

Panya wa Pasua hawana haraka.
Huyu wetu alianza na sabuni,
akahamia daftari la vikoba,
akaacha jina la Mama Manka
bila deni lake.

Nikashuka Mbuyuni kununua mtego:
ubao, waya, springi yenye kutu
na ulimi wa bati, mdogo kama kucha.
"Chambo juu yako," akasema Kundaeli muuzaji,
akinihesabia chenji
kwa mkono uliokosa ncha ya kidole.
Sikumuuliza.

Usiku wa kwanza, dagaa.
Wakaja sisimizi kwa mstari,
wakambeba kichwa kikitangulia,
mtego haukufyatuka.
Wa pili, mkate. Kulipokucha
ubao ulikuwa safi kama sahani iliyolambwa,
springi bado imekaza shingo.
Wa tatu nikaweka nyama ya mbuzi.
Hakugusa.
Pengine alikuwa kwenye Kwaresima.

Mama Ndealilia, akianika ulezi wa mbege,
alicheka mpaka ungo ukatikisika.
"Unamkaribisha kama mkwe!
Panya hafuati kitamu, anafuata alichokizoea.
Jua kwanza anakula nini, na wapi,
ndipo umwekee hichohicho,
kiasi cha punje ya harage. Ukimjazia
atakula pembeni, aondoke na shukrani.
Na uvae mfuko wa mkate mkononi.
Mkono wako unanuka wewe."

Basi nikamfuata kinyesi kwa kinyesi,
vyeusi kama mchele ulioungua,
kutoka gunia la mkaa, nyuma ya kabati,
hadi chumbani kwa mama,
ambako koti la baba bado linaning'inia mlangoni,
lile la kahawia, la asubuhi za Julai
mlima unapojifunika
na mji ukajifunika nao.
Mfuko wa kulia ulikuwa na tundu.
Ndani, maganda ya karanga.

Baba alitembea na karanga maisha yake yote.
Lakini baba ana miaka miwili kule Uru,
chini ya migomba,
na maganda haya yalikuwa mapya, mekundu,
bado yana chumvi.

Mama naye sikumuuliza.
Nilikaanga karanga, nikaziponda,
nikapaka chini ya ule ulimi, si juu,
nikazungushia uzi asije akanyakua na kukimbia,
nikauweka mtego ukutani, kwenye njia yake.
Siku mbili niliuacha bila kuutega:
ale, aamini.
Hapo ndipo roho iliponisuta,
maana hata mimi nililelewa hivyo,
na mkono uliotoka mfukoni
una kitu.

Usiku wa tatu, tap!
Kisha kikohozi cha mama
upande wa pili wa ukuta,
kisha kimya cha watu wawili walio macho.

Mtego wa panya, walisema wenyewe,
huingia aliyekuwemo na asiyekuwemo.

Asubuhi alinikuta bombani nauosha ubao.
Akauchukua, akaunusa.
"Karanga."
"Karanga," nikasema.
"Ulitia chumvi?"
"Hapana."
"Yeye alipenda zenye chumvi,"
na sikujua anamsema nani.

Akaingia ndani. Nikasikia droo,
kopo la vifungo,
uzi ukikatwa kwa meno.
Kufikia mchana lile tundu lilikuwa limeshonwa
na mfuko umevimba kidogo.

Mtego uko juu ya kabati.
Mama Ndealilia ameuomba mara mbili.
Namwambia springi imelegea.